Ukuta Tuliopaka Rangi

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili asubuhi

Kaka mpendwa,

Pokea salamu wewe na wifi. Natumaini mnaamka salama huko mliko, na mgongo wako umeacha kukusumbua. Sisi huku wazima. Mama kikohozi kimempungua tangu nyumba ikauke, na mwanao Kasuku anakula, anacheza, na mdomo wake haufungi kutwa. Salamu zimekwisha. Sasa nikwambie ukweli: nina hasira na wewe.

Unakumbuka ulivyopiga simu baada ya mafuriko? Ulisikia wapima ardhi watapita kutazama alama ya tope kwenye kuta, wajue maji yalifika wapi, na kwamba penye alama ya juu watu watahamishwa. Ukasema, "Pakeni rangi kabla hawajafika. Kiwanja cha baba hakiondoki." Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, basi tukakusikia, tukapaka.

Jirani yetu seremala akatuona, akapaka na yeye. Muuza mkaa naye akapaka. Haikupita muda mtaa mzima unang'aa, utadhani tunangoja mgeni wa heshima. Wapima wakaja, wakasifu usafi wetu, wakaenda zao. Tulicheka hadi mbavu zikauma.

Juzi ukafanyika mkutano wa mipango ya kujenga upya. Wakabandika ramani. Mtaa wetu umeandikwa eneo kavu, hakuna wa kuhama. Watu wakapiga makofi. Kisha mpima mkuu akaweka kidole pale bondeni, nyuma ya nyumba yetu, akasema shule mpya ya chekechea itajengwa hapo, maana ni pakavu.

Pakavu! Pale ambapo tulimwopoa mwenyekiti wa mtaa juu ya paa lake! Mimi ndiye mwalimu wa watoto hao, kaka. Nikatazama huku na huku, kila mtu anatazama viatu vyake. Mwenyekiti mwenyewe anapangusa miwani.

Nikasimama nikasema maji yalifika pale, tena yalizidi. Mpima akauliza, kwa upole tu, "Alama iko wapi, mwalimu?" Seremala akanivuta gauni: "Kaa chini bwana, unataka sote tuhame?" Jamani, watu wazima na ndevu zao! Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini maradhi haya tumeyaficha sisi, na watakaoumbuliwa ni watoto.

Jana nilichukua kisu cha jikoni nikaanza kukwangua ukuta wa mbele. Mama akatoka na kigoda chake, akakaa. Nikajua leo nimepatikana. Akanitazama weee, halafu akasema, "Hapo pembeni umeruka." Majirani wanapita hawanisalimu. Muuza mkaa ameniita msaliti. Na aniite.

Najua nilichofanya. Wapima wanarudi kesho kusikiliza maoni ya mwisho, na wakiona ukuta huu, kiwanja cha baba huenda kikaondoka. Nitalia siku hiyo, nawe utalia. Ukitaka kunigombeza, piga simu, ila safari hii utanisikiliza mimi kwanza.

Msalimie sana wifi, na shangazi mkionana naye. Mama anakuombea dua, ingawa na yeye amekununia.

Kasuku naye anakusalimu, anasema nikwambie amekua. Jana alama ilipotokea yote, nilimsimamisha ukutani. Alidhani tunampima urefu, akanyoosha shingo, akasimama kwa ncha za vidole. Alama ikampita. Akanyanyua mkono, akaruka, hakuifikia.

Mungu akulinde huko kwenye ukavu wako.

Mimi mdogo wako, nikupendaye hata leo,

Dada