Lebo za Kabati la Tatu

Mjomba,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia, lakini mdomo umeshazoea.

Tangu tukuzike, chumba cha vielelezo pale chuoni nimebaki nacho peke yangu. Koti lako jeupe bado liko msumarini, sijathubutu kulitoa. Mkuu mpya wa idara si mtu mbaya. Aliagiza tu lebo zote za ndege waliokaushwa ziandikwe upya kwa Kiswahili, wananchi wakija wasome wenyewe. Nilifurahi, nikajua nawe ungefurahi.

Nikaanza na kabati la tatu, wale ndege wako wadogo wa kijani wa milimani, wanaofanana kama mapacha. Ulinifundisha: "Funga lebo mpya kwanza, ndipo ukate ya zamani." Mimi nikaona nitachelewa. Nikakata nyuzi zote miguuni, nikaiweka kila lebo ubavuni mwa ndege wake, mezani. Kengele ikalia, wafanyakazi wote twende shamba la chuo kupalilia. Dirisha nikaliacha wazi. Niliporudi, upepo wa mlimani ulikuwa umezimwaga lebo zote sakafuni.

Nilikaa chini nikalia, Mjomba. Nikaziokota moja moja, mwandiko wako, mahali ulipomnasa kila ndege: Kinole, Bondwa, Tegetero. Nani wa Kinole? Nani wa Bondwa? Wewe ungemgeuza ndege mara moja tu, ukacheka, ukasema, "Huyu nilimnasa siku niliyopoteza kiatu." Mimi naona manyoya. Na kwenda kuwanasa wengine siwezi, kule ulikotega nyavu kumefyekwa, watu wanalima maharage. Na ndege asiyejulikana aliponaswa hamfai mtafiti yeyote. Kazi ya maisha yako nimeiua asubuhi moja.

Sijamwambia mtu. Siku tatu nimekaa na uzi mkononi, shetani ananinong'oneza nizifunge tu, yoyote kwa yeyote. Nani atajua? Aliyekuwa akijua ni wewe, nawe nimekutupia udongo kwa mkono wangu huu.

Sitazifunga. Jumatatu nitakwenda kwa mkuu wa idara nimweleze yote, akitaka kunifukuza anifukuze baadaye. Kwanza aniache nimfungie kila ndege lebo kwa mwandiko wangu: "Milima ya Uluguru. Mahali aliponaswa hapajulikani. Kosa ni la mtunzaji." Na chini yake jina langu, kila mguu.

Kwaheri, Mjomba. Msamaha sikuombi, maana huwezi tena kunipa.

Mpwa wako,
Felista