Baiskeli ya Marehemu Masalu

S.L.P. 614,
Mkuyuni,
Mwanza.
17 Oktoba 1993.

Mpendwa mwanangu Teodora,

Marahaba, mwanangu. Shikamoo yako ya kwenye barua nimeipokea, baba yako naye ameipokea, na mdogo wako Elias aliyekuwa anapita tu uani akaitikia marahaba kwa sauti nene kama mzee. Nikamfukuza na mwiko. Habari za Morogoro? Kile kikohozi kimeisha au unanificha? Chemsha maji ya kunywa hata wenzako wakikucheka. Na chandarua ukichomeke chini ya godoro, usikiache kinaning'inia kama pazia.

Huku hatujambo. Baba yako mgongo haujamwachia, ila anatembea. Ziwa linatupa dagaa, samaki wakubwa wote wanakwenda viwandani. Mimi siumwi popote, ila nimechoka. Nikikaa nataka kulala, nikilala macho makavu.

Mfuko wa dagaa niliokuahidi haukuja, na najua umekwenda stesheni ukarudi mikono mitupu. Nisamehe. Maige, yule anayepeleka samaki wa chumvi Dar kwa treni, ndiye aliyekuwa anakushushia mizigo yangu hapo Morogoro. Sasa hanibebei tena. Sababu yake ndiyo barua yenyewe hii.

Uliniandikia mwezi wa nane kwamba mwalimu wenu wa falsafa amewauliza jema na baya vinatoka wapi. Elias alinisaidia maneno magumu, mimi darasa langu la nne halinifikishi huko. Kama nimeelewa, wako wasomi wanaosema ubaya umo ndani ya tendo lenyewe, kama joto lilivyo ndani ya moto. Wengine wanasema ni makubaliano ya watu tu, kama watu wa sokoni walivyokubaliana ukubwa wa debe. Na wengine wanasema mtu akisema jambo hili ni baya anatema mate tu, anaonyesha limemchukiza, hakuna zaidi. Halafu chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, ukaandika: Mama, siku hizi sijui nishike lipi.

Hayo maneno madogo ndiyo yaliyoninyima raha. Ningekujibu zamani, ila na mimi nilikuwa nimewekwa mahali pa kujibu swali hilo hilo, tena mbele za watu.

Unajua tangu mwaka jana mimi ni mzee wa baraza katika mahakama yetu ya mwanzo. Tuko wawili, mimi na Mzee Shimba aliyestaafu kwenye jineri ya pamba. Hakimu akimaliza kusikiliza anatuuliza maoni, na yeye mwenyewe anakuwa sauti ya tatu. Zikikubaliana mbili, ndiyo hukumu. Nilidhani nitakuwa nasikiliza kesi za mbuzi kula mihogo ya watu.

Basi mwezi wa nne alifariki Mzee Masalu, baba yake Maige, yule wa hapo juu yetu kwenye mawe. Wewe ulikuwa umeshaondoka. Mimi mazishini sikwenda, baba yako alikuwa kitandani hawezi hata kugeuka. Nasikia baada ya kuzika, Machibya alinyakua baiskeli ya marehemu, akaizungusha uwanjani anapiga kengele na kumtukana marehemu kwamba alikuwa bahili hata wa upepo wa matairi yake. Kisha akaondoka nayo kwake. Ukoo wa Machibya na ukoo wa marehemu ni watani tangu mababu. Desturi unaijua: mtani ananyakua kitu msibani, wafiwa wanamfuata na matusi, wanakikomboa kwa kitu kidogo, hata kifaranga, watu wanacheka, na machozi yanapata mlango wa kutokea.

Maige hakumfuata na kifaranga. Alimfuata na polisi. Alisema yeye ni mfanyabiashara, mambo ya kunyang'anyana vitu vya watu ni ya zamani, na mali ya baba yake si ya kuchezewa. Machibya akashtakiwa kwa wizi.

Miezi sita, mwanangu. Tarehe zinapangwa, zinaahirishwa. Hakimu wetu ni kijana mpole, akawaambia wapatane. Maige akasema, airudishe tu, aombe radhi, nitaifuta kesi. Ungedhani yamekwisha. Machibya akasimama akasema, "Mheshimiwa, nikiirudisha hivi hivi nitakuwa mwizi aliyetubu. Mimi sijaiba. Anipe kifaranga, hata kama kinaumwa." Maige akasema hatoi hata unyoya, maana akitoa atakuwa amekubali mali ya baba yake inachukulika. Kwa hiyo mwanaume mwenye watoto watano alikuwa anaelekea gerezani kwa ajili ya kifaranga, na hakuna aliyekuwa tayari kuinama.

Jumatatu iliyopita tukaulizwa maoni. Mzee Shimba alianza. Alisema ni wizi, kitabu cha serikali hakina ukurasa wa utani. Zamu yangu ikafika nikasema, "Naona hana hatia, Mheshimiwa. Moyo wangu unakataa."

Hakimu akaweka kalamu chini. "Mama, moyo wako nauheshimu, lakini siwezi kuuandika. Nipe sababu."

Watu wote wananitazama. Akaniambia basi nifikirie, tutarudi Ijumaa. Tulipotoka Mzee Shimba akanicheka, "Mama Teodora, wewe unahukumu kwa machozi." Nikamjibu, "Na wewe shikamoo, mzee unayehukumu kwa mhuri." Akacheka sana, mimi sikucheka.

Siku zile nne nilikukumbuka. Nilichukua maneno ya mwalimu wenu nikayageuza kama mtu anayechagua nyanya. Nikasema, ubaya umo ndani ya tendo? Baiskeli yenyewe ilikuwa imeegemezwa ukutani mahakamani, imefungwa karatasi ya namba. Niliitazama kila tarehe ya kesi. Kengele, kiti kilichoshonwa na uzi wa gunia, tairi la nyuma limeisha. Wizi sikuuona pale, na utani pia sikuuona. Nikasema, basi ni makubaliano ya watu. Watu gani? Machibya ana watu wake waliokubaliana, Maige ana watu wake, na wote wawili wanachota maji bomba moja. Nikasema, basi ni kutema mate. Kama ni hivyo, mimi na Mzee Shimba tungeshindana tu nani anatema mbali, na Machibya anakwenda jela au anabaki kwa nguvu za mashavu yetu.

Nikaenda kwa katekista. Akanisomea amri: usiibe. Nikamwambia, hiyo naijua tangu komunyo ya kwanza, ninachotaka kujua ni kama kile kilikuwa kuiba. Akasema nisali. Nimesali, Teodora, mpaka magoti yameota sugu. Mungu hakunitajia baiskeli.

Ijumaa nikaenda mahakamani sina kitu kichwani. Usifikiri mama yako ana akili sana, nakueleza kama ilivyokuwa. Nilimwona Machibya anaingia, anavua kofia, anaishika kifuani kama kila siku. Ni kofia ya pama, nzuri, mpya. Mimi ni mwanamke wa kufua nguo za watu, najua nguo isiyokuwa ya mwenyewe. Nikaingiwa na hofu. Nikasema moyoni, isije ikawa na hii ameichukua kwa mtu, halafu mimi ndiye namtetea. Nikaomba ruhusa ya kuuliza.

"Machibya, hiyo kofia ni ya nani?"

"Alinipa Maige, mama."

Maige akaangalia chini. Nikamgeukia. "Mwanangu Maige, ulimpa lini?"

"Siku ya mazishi. Alijilaza ndani ya kaburi, akasema hatoki mpaka apewe kitu kizuri, marehemu mwenyewe alikuwa hatoi."

"Ukamwita polisi?"

Watu wakacheka, hakimu akagonga meza. Maige akasema, "Hapana. Nilivua kofia nikampa, akatoka."

"Ulimpa kwa hasira?"

Nikamhurumia. Mtoto wa watu, nilimbeba mgongoni mama yake alipokuwa na homa ya matumbo. Akasema polepole, "Nilicheka, mama. Ndiyo mara ya kwanza nilicheka tangu baba afe."

Hapo nikapata cha kusema. Nikasema, Mheshimiwa, mimi sijui utani unapata wapi nguvu, sijui ni kwa Mungu au ni kwa mababu au ni kwetu wenyewe. Lakini huyu kijana asubuhi aliingia kwenye utani kwa miguu yake, akalipa kwa kofia yake, akafaidi kicheko chake. Mchana hawezi kumwambia mwenzake kwamba huo utani haujawahi kuwepo. Kama hautaki tena, ni haki yake, aseme kuanzia leo. Lakini asimfunge mtu kwa kupita mlango ambao yeye mwenyewe alikuwa ameuacha wazi.

Hakimu akaandika, akaandika. Mzee Shimba alibaki na wizi wake. Hakimu akawa upande wangu, sauti mbili kwa moja. Machibya akaachiwa, na ikaamriwa baiskeli irudi kwa aliyekamatwa nayo, mwenye madai ya mali afungue kesi nyingine. Watu wakanishika mkono. Na mimi, mwanangu, nitakuambia kweli, nilijisikia mtu.

Haikuchukua hata dakika kumi.

Tulipotoka nje, Machibya anasukuma baiskeli yake, mbele ya geti alikuwa amesimama Kashindye, mke wa marehemu. Shuka jeusi kichwani, na chini ya kwapa kuku jike mkubwa, miguu imefungwa. Akapaza sauti nikashtuka, maana mama yule hajapaza sauti tangu mwezi wa nne.

"Mwizi wee! Miguu kama ya korongo! Leta baiskeli ya mume wangu!"

Machibya akasimama. "Mume gani, yule aliyekuwa anahesabu mbegu za tikiti?"

"Huyo huyo! Nilikutengea kifaranga siku ile ile ya msiba. Mmekaa na kesi yenu mpaka ametaga. Haya, chukua, umle na mayai yake yakukwame!"

Machibya alipokea yule kuku akakaa chini mavumbini, mwanaume mzima, anacheka na machozi yanamtoka. Kashindye akashika usukani. Halafu akalia. Alilia kilio cha msiba kabisa, hapo getini, tukamshika mikono.

Nikamwuliza, "Dada, kifaranga kilikuwepo wakati wote huo, mbona hukusema?"

Akaniambia, "Mwanangu alisema nisiingilie mambo ya mahakama. Na ninyi hamkuniuliza."

Miezi sita yule mama hajaanua matanga. Kitu cha marehemu kikiwa mkononi mwa mtani hakijakombolewa, msiba unakuwa haujafungwa. Alikuwa amelala na shuka lile, amekaa nalo sokoni, amechekwa nalo. Polisi wameuliza, hakimu ameuliza, mimi nimesali, nimepima maneno ya wasomi. Tuliulizana kama Machibya ni mwizi. Kashindye anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu, nampita nikienda bombani, namwambia pole dada, napita.

Sasa Teodora, unaona? Sababu yangu ilikuwa nzuri. Naamini mpaka sasa ilikuwa ya kweli, wala sijuti Machibya kuwa kwake na wanawe. Ila nilishinda na hapo hapo nikawa nimekosa. Kwa hiyo usiniambie ni kutema mate tu. Kosa langu kwa Kashindye hakuna aliyelichukia, hakuna aliyekubaliana na mwenzake kwamba ni kosa, na mimi mwenyewe nilikuwa silijui. Lakini lilikuwepo, kila siku nilipopita pale na ndoo. Liambie hilo darasa lenu, uone mwalimu atasema nini. Akinishinda, uniandikie, sitakasirika.

Na wewe usijitese kutafuta la kushika kama mtu anayezama. Soma yote wanayokufundisha, ufaulu. Ila ukiwa umemaliza kufikiri, umepata jibu lako zuri, zunguka uangalie ni nani hujamwuliza. Mimi sina falsafa nyingine.

Maige alisukuma baiskeli mpaka kwao, mama yake pembeni. Hakunisalimu. Mzigo wako amemwambia Elias hataubeba. Sikumlaumu, nilimtia aibu mbele za watu. Labda atarudi, labda hatarudi. Nitatafuta mtu mwingine wa treni, vumilia kidogo.

Baba yako anakusalimu, anasema upunguze chumvi, sijui amejuaje kama unazidisha. Elias anakusalimu, anataka kalamu ya wino wa kijani. Shangazi yako Rebeka amerudi kutoka Nansio, anasema mihogo imekubali mwaka huu. Mzee Shimba naye amesema nikuandikie kwamba mama yako ni mkaidi. Kashindye anakusalimu. Amenyoa nywele jana, amevaa kitenge cha njano, sikumtambua bombani mpaka aliponiita.

Mungu akulinde usiku na mchana, akupe wenzako wenye huruma, na kila chakula unachokula kikae mwilini.

Alhamisi nina kesi nyingine, ndugu wawili na mpaka wa shamba. Niombee, mwanangu, nisije nikamsahau mtu.

Ni mimi mama yako nikupendaye hata nikiwa nimechoka,

Odeta