Sinema Iliyotaka Kuninyima Mke

Mke wangu mdogo Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Kinyangiri tumevuna mtama, na bibi yako mzima, bado ananigombeza. Shangazi yako ndiye anayeandika, mimi naongea tu.

Unauliza uende kwenye sherehe ya tuzo za filamu au ubaki nyumbani, maana watu wanakutukana sokoni kwa yule mwanamke mbaya uliyemwigiza. Sasa msikilize bingwa. Enzi za Mwingereza walikuja wazungu kupiga sinema ya kilimo. Wakataka mtu wa kuigiza mvivu, wakanichagua mimi, kijana mzuri kuliko wote Iramba nzima! Nikalala shambani, nikakoroma mpaka kunguru wakakimbia.

Sinema ikarudi na gari, ikaonyeshwa kwenye shuka jeupe. Baba wa bibi yako akaitazama, na asubuhi akanirudishia ng'ombe wangu wa mahari.

"Binti yangu haolewi na mtu anayelala shambani."

"Mzee, nilikuwa naigiza!"

"Wewe, nimekuona kwa macho yangu!"

Nikamlimia msimu mzima ndipo akanikubali. Lakini hata siku ile nikiwaswaga ng'ombe kurudi nyumbani, roho inaniuma, nilicheka peke yangu. Mzee mjanja vile, nimemweza kwa kuigiza tu!

Basi vaa gauni zuri uende. Hao wa sokoni wamekuamini. Na majaji wasipokupa tuzo, ujue hao hawajawahi kunyimwa mke.

Mumeo mzee,
Babu