Jione Uko Kwako

Mama Neema,

Salamu nyingi toka Ujiji. Kukitakata, milima ya kwetu naiona ng'ambo ya ziwa, ila wewe sikuoni. Mumeo sasa ni mwanafunzi, usicheke! Sisi wakimbizi tunaoomba kupelekwa Ulaya tunafundishwa misemo ya Kiingereza. Leo mwalimu, kijana mdogo tu, katuambia Mzungu akikukaribisha husema jione uko kwako.

"Haya Mzee," akaniambia, "nimekukaribisha. Ingia tuone."

Nikavua viatu, nikajinyoosha kwenye mkeka wake, nikapaza sauti: "Mama Neema! Hiyo sombe inaiva lini, au mpaka nife?"

Darasa zima likacheka, hata yule bibi aliyenuna tangu Januari. Nami nikacheka, kisha nikatulia nikingoja unitukane kama kawaida yako. Mwalimu akauliza taratibu, "Mzee, yuko wapi huyo mama?" Nikavaa viatu.

Jumatatu wanaandika majina ya wanaosafiri. Nimewaambia langu waliache kwanza, mpaka uvuke. Njoo na matusi yako yote, usisahau hata moja.

Mungu akutunze, na akufunge mdomo mpaka ufike.

Baba Neema, mkorofi wako