Kimo cha Mtu Aliyekaa

4 Februari

Mwanangu kipenzi,

Hujambo? Na mkwe wangu yule mpole, mzima? Mimi ni chuma kipya kutoka dukani, kutu kidogo tu magotini.

Barua yako nimeipata. Eti nihamie kwenu, nikae chumba cha nyuma nikisubiri chai. Mimi! Niliyechomelea mageti ya mabalozi, nikachomelea meli kwenye bandari ambazo hata majina yake hayatamkiki, leo nitundikwe kwako kama saa ya ukutani? Ng'ombe hazeeki maini. Uzee wangu nimeupangia. Kitanda nimekikata miguu, kimeshuka. Zulia lililonitega mara mbili nimempa jirani yangu, mama mshonaji. Na ukutani kando ya choo nimefunga bomba nene la kushikia, kazi ya mkono wangu. Hata tembo akilishika atanyanyuka. Niache kwangu.

Baba yako, Fundi Cheche

19 Machi

Shikamoo baba,

Huku wote wazima, ila mimi usingizi sina. Mama mshonaji kanipigia simu. Kumbe wiki iliyopita ulianguka chooni, ukalala sakafuni tangu asubuhi mpaka alipokuletea suruali yako mchana. Ukamwambia, "Nakagua mabomba ya maji," nawe uko chali! Kisha ukamkataza asiniambie. Baba, utani wako ndio ulionilea, lakini huu umeniliza. Lile bomba la tembo lilikuwa wapi? Mwisho wa mwezi nakuja kukuchukua.

Binti yako

25 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Pole kwa machozi. Njoo, lakini usije na gari la kuhamisha vyombo, njoo na begi la siku mbili.

Bomba lilikuwepo. Nililipima nimesimama, kifua mbele, kama fundi anayepigwa picha. Siku ile nimekaa, magoti yakagoma, nanyoosha mkono, bomba liko juu huko kama embe la jirani. Nikajivuta, nikateleza. Nilimpimia yule bwana niliyekuwa zamani. Na sakafu ile ni baridi, mwanangu. Niliogopa.

Nimeling'oa. Nimekaa chooni, mama mshonaji akatia chaki pale mkono unapofika (nguo nilivaa, usianze!). Nimelifunga upya hapo, na la pili nimelifunga bafuni. Ufunguo wa nyumba anao yeye. Asubuhi asiposikia redio yangu, anaingia.

Baba yako

16 Aprili

Shikamoo baba,

Nilifika salama, mkwe wako anakusalimu. Nimeona kazi yako, nami nimekubali: kaa kwako. Ila kuna jambo lililonishinda kulitamka tulipokuwa wote. Uliniita kwa jina la marehemu mama, tena mara mbili. Na sufuria iliungua umekaa pembeni yake. Siku kichwa kikigoma kama magoti, nifanyeje?

Binti yako

30 Aprili

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Mimi nipo. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu najikuta nakuandikia kichekesho.

Nakujibu sasa, akili ingali yangu. Siku nikimwita mama mshonaji mwizi, au nikiwasha jiko nikaondoka zangu, njoo na gari kubwa. Nitakataa. Nitashika mlango. Nitakutukana, na matusi yangu unayajua, yamezunguka dunia. Nitasema hunipendi, wataka nyumba yangu. Usibishane na huyo mzee, wala usimlilie. Mpakie. Nitafutie chumba chenye dirisha la barabarani, nipate wapita njia wa kuwadanganya.

Nakala ya barua hii nimempa mama mshonaji, ili siku hiyo usiwe peke yako.

Huyo atakayekataa hatakuwa anakujua. Mimi nakujua, na nimekubali.

Baba yako