Dawa Iliyomkataa Chausiku

Handeni,
14 Machi 1914

Mpendwa kaka Mbwana,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Moshi, wewe na shemeji Rosina. Sisi sote tuko hai, nawe utaona kwa nini naanza na neno hilo.

Dawa ya kifafa uliyomletea mdogo wetu Chausiku ilifika salama. Nilimpa mimi mwenyewe, asubuhi na jioni, kama daktari wako alivyoandika. Wiki mbili hakuanguka hata mara moja. Mama akamruhusu kukaa jikoni karibu na moto.

Kisha akapata homa na vipele. Tulifurahi, kaka. Tulidhani ugonjwa unatoka nje, kama surua inavyotoka. Karatasi ya daktari wako ilisema dawa isikatishwe hata siku moja, nami sikuikatisha. Siku ya tatu midomo yake ilipasuka, na ngozi ya mgongo ikabaki kwenye mkeka. Shangazi Hamisa akaninyang'anya chupa.

"Karatasi umeisoma vya kutosha, baba," alisema. "Sasa mtazame mtoto."

Tulimbeba kwa machela siku mbili mpaka Korogwe. Daktari wa huko alisema ni dawa ndiyo iliyomuunguza. Wapo watoto wachache ambao miili yao huikataa. Hakuwa na tiba ya kuiondoa, ila kuiacha. Alimlaza juu ya majani ya mgomba yaliyolainishwa motoni, ngozi isigande. Mama alimdondoshea uji mwepesi kinywani. Mimi nilimwosha macho kwa maji ya chumvi yasije yakashikana. Siku ya kumi na moja aliomba muhogo wa kuchoma, na Mama akalia.

Ngozi inapona, lakini kifafa kimerudi. Jumatatu alianguka mara mbili.

Nakuomba usilete tena dawa ile. Mweleze daktari wako yote haya, umuulize kama ipo nyingine isiyo ya jamii yake. Usijilaumu. Aliyekuwa akimwona kila siku ni mimi.

Mwalimu Mdoe wa chuo cha Kurani amemshonea hirizi ya ngozi. Maneno ya ndani aliniachia niandike mimi, kwa Kijerumani.

"Yangu ya Kiarabu daktari Mzungu hatayasoma," alisema.

Nimeandika jina la dawa, na chini yake: mtoto huyu asipewe kamwe. Niliharibu karatasi mbili. Sasa anaivaa shingoni.

Mama, shangazi na Chausiku wanakusalimu. Nisalimie shemeji. Mungu awahifadhi, akujalie ruhusa uje umwone.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Rehani