Asilimia Sitini na Mbili

Shoga, acha unachofanya usome.

Unamjua shemeji yako akishika bisibisi, anajiona daktari wa upasuaji. Leo ni siku ya tatu anapima memori ya kompyuta ya mwalimu mkuu. Anaiacha ijipime, anatoka kunywa chai, akirudi imeganda kwenye asilimia sitini na mbili. Kabadilisha memori, kazisugua kwa ufutio, wapi. Sitini na mbili.

Jana akampigia mwalimu kwa ile sauti yake ya msibani: "Tumejitahidi, lakini hii tumeipoteza."

Leo mwalimu kaja kuichukua. Wanaingia chumbani ghafla, mashine bado inajipima, wanamkuta mama mkwe kaifunika blanketi. Blanketi, shoga. Mashine ya moto kama pasi.

"Mama, unafanya nini?"

"Nazuia vumbi. Kila ukitoka naifunika, nikisikia unarudi naifunua, maana hutaki niguse vitu vyako."

Blanketi likatolewa. Mashine ikapoa, kipimo kikaanzishwa upya, kikaenda mpaka mia, kasoro hakuna.

Shemeji yako akajikohoza: "Nilijua tu ni joto."

Mama mkwe anakunja blanketi lake taratibu: "Kama ulijua, mbona jana uliizika?"